Karatasi ya Mtu Asiyeshtuka

Kisangani, mtaa wa Tshopo
29 Agosti 1999

Kavugho, mdogo wangu,

Salamu zitangoja kidogo. Kwanza nikwambie hili: katika ukoo wetu wote, hesabu na wale tuliowazika Lubero, hajazaliwa mtu mwenye bahati kama yangu. Mimi nimefika Kampala. Nimefika Dubai mara moja na nusu (ile nusu walinirudisha kutoka uwanja wa ndege kwa sababu ya viza). Nimekula meza moja na mkuu wa mkoa, nimecheza rumba na binti wa kanali. Lakini yote hayo ni mchezo tu mbele ya bahati iliyo ndani ya damu.

Umesikia redioni. Siku nne majeshi haya mawili ya kigeni yaliyokuja kutukomboa yamepigana yenyewe kwa yenyewe hapa mjini, na bombu zao zimepita juu ya mapaa yetu sisi. Watu wote walilala miferejini. Timothée, jirani yangu muuza samaki, yule mtu wa Yanonge, alijitupa ndani ya kikapu chake mwenyewe, akatoka siku ya pili na harufu ambayo mke wake Rosine amekataa kuifua. Na mimi? Mimi nilisimama mlangoni mwa duka, nachokoa meno. Kwa nini? Kwa sababu ya karatasi.

Unamkumbuka Daktari Micheline, uliyemsaidia kutoa watu damu pale parokiani Butembo mwaka jana, kabla ya vita hivi. Alitufunga nyaya vidoleni, akatuonyesha picha za sura, huyu amekasirika, huyu ameogopa, na katikati ya picha akapiga kengele ghafla nyuma ya kichwa. Bon. Majibu niliyachukua mwezi wa pili nilipokuja kununua maharagwe. Imeandikwa PALUKU, na chini yake: mshtuko mdogo mno, urithi, vipande virefu viwili. Karani wa parokia alinifafanulia: mtu wa namna hii, sura ya kutisha haimfanyi kitu, kengele haimfanyi kitu. Nimeitia kwenye fremu. Iko ukutani kati ya Bikira Maria na kalenda ya sabuni.

Na bahati haikuishia kwangu. Tangu mama yake, Générose, atutoke, binti yangu Nyota anakaa nami hapa dukani. Ana miaka saba sasa. Siku zote nne alikaa juu ya gunia la chumvi, mikono magotini. Hakulia. Hakuuliza kitu. Bombu ikianguka, hata kope zake hazikucheza. Rosine alichungulia dirishani mara moja, akamwona amekaa vile, akarudi kwake anasali. Damu yangu tupu, Kavugho!

Barua hii anakuletea Annette, yule mama wa vitambaa, pamoja na samaki wakavu wa Timothée. Wapike kabla hujawanusa.

Kaka yako mwenye bahati,
Paluku


Butembo, 20 Septemba 1999

Yaya Paluku,

Kaka yangu, namshukuru Mungu mko wazima. Nimesoma nikalia, nikacheka, nikalia tena, mpaka wenzangu wa zahanati wakaniuliza kama nimepata barua ya msiba au ya harusi.

Sasa karatasi. Siku ya vipimo mimi nilikuwa chumba cha damu, sikukuona ukipigiwa kengele, kwa hiyo sina ubishi. Ila namkumbuka Paluku mmoja aliyepanda juu ya meza ya katekesi kwa kumkimbia bata mzinga wa padri. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Daktari Micheline alinieleza hivi. Kuna kipande kimoja cha urithi ambacho kila mtu hupewa mara mbili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Kwa wengine ni kirefu, kwa wengine ni kifupi. Na ndani kabisa ya ubongo, usawa wa sikio, kuna sehemu ndogo kama punje ya karanga. Ukiona sura ya mtu aliyeogopa, ile punje huamka. Huamka hata kama picha imepita upesi mno, kiasi kwamba wewe mwenyewe hujui umeona kitu. Hilo limeninyima raha, Yaya: kwamba ndani yetu kuna kitu kinachoona kabla yetu, nacho hakituambii kimeona nini. Wenye vipande vifupi punje yao huamka kwa nguvu, wenye virefu huamka kwa upole. Lakini alisisitiza kwamba huo ni mwelekeo tu, si hukumu. Vita, mama, chakula, usingizi, vyote vina sehemu yao.

Na usisahau kwamba Nyota ana kipande kimoja tu chako. Kingine ni cha marehemu Générose, ambaye hata mfuniko wa sufuria ukianguka alikuwa anaita Yesu.

Niambie: analala? Anacheza na wenzake? Habari ya kope zisizocheza sijaielewa.

Mdogo wako,
Kavugho


Kisangani, Tshopo
16 Januari 2000

Kavugho,

Habari ya bata haikupaswa kuandikwa. Barua zinapita mikononi mwa watu! Na bata yule alikuwa mnene kuliko padri, hilo hukuliandika.

Alors, sikia jinsi ndugu yako alivyokuwa mtu mkubwa. Kuanzia mwezi wa kumi, Nyota anakaa kwenye kigoda kizingitini, anakula muhogo wake na kutazama askari wanaokwenda darajani. Jumanne moja alisimama, akachukua kigoda, akaingia ndani nyuma ya magunia. Sikutilia maanani. Saa moja baadaye, risasi darajani. Wiki iliyofuata, vilevile. Mara ya tatu Timothée alikuwa amesimama pale na samaki mkononi. Alimwona mtoto anaingia, akanitazama, akafunga kibanda chake. Ile siku waliuawa watu watatu, yeye alikuwa kwake anakula.

Sasa kila asubuhi barabara nzima inaniuliza.

"Papa Paluku, mutoto iko inje?"

"Iko inje, anakula."

"Bon, tufungue."

Akiingia ndani, utasikia mabati yanashushwa mpaka kule sokoni, pa, pa, pa. Franck, yule wa toleka anayebeba watu kwa baiskeli, havuki daraja kabla ya kupita kumtazama. Jana mama mmoja alitaka kumgusa kichwa. Nikamwambia, mama, huyu si sakramenti. Watu wanasema: baba haogopi, mtoto haogopi, ndiyo maana mambo yanakuja kwao waziwazi. Mimi siwakatalii. Mtu akikuvika kofia nzuri, utaivua ya nini?

Usingizi umeuliza. Analala macho wazi kidogo. Kucheza, hapana, ni mtoto wa heshima.

Kuna jambo moja dogo. Amejifunza kuchora. Anachukua makaa, anachora ukutani nyuma ya magunia, na kitu anachochora ni macho. Pua hakuna, kinywa hakuna. Macho mawili mawili, yamefunguka sana, nukta nyeusi katikati ya weupe mwingi. Yamepita jozi arobaini. Ukiingia kuchukua chumvi, shingo inakuwasha. Nimewaambia wateja kwamba hao ni walinzi wangu wa ndani, wanacheka, lakini siku hizi wananingoja mbele niwatolee chumvi mwenyewe.

Nilimuuliza, "Haya ni ya nani?"

"Ya ule askari wa biskuti."

Sasa askari wa biskuti namjua! Alisimama hapa nusu saa, ananunua biskuti, ananitania, anacheka mpaka kofia inaanguka. Nikamwambia mtoto, "Lakini ule alikuwa anacheka."

"Kinywa ndiyo ilicheka, papa."

Kaka yako, ambaye sasa hata machifu wanamsalimia kwanza,
Paluku


Butembo, 12 Machi 2000

Yaya,

Barua yako nimeisoma mara nne na mara ya nne nilifunga dirisha.

Katika picha za Daktari Micheline kulikuwa na seti moja ambayo hakutuonyesha kwanza. Ilikuwa macho peke yake, yamekatwa kutoka kwenye sura za watu walioogopa, meupe yameonekana juu na chini. Alisema ubongo hauhitaji uso mzima, weupe ule unatosha. Nyota hajawahi kuziona picha hizo. Hakuwa Butembo.

Yaya, nafikiri mtoto haoni bombu zinazokuja. Anaona watu. Askari aliyeambiwa kambini kwamba leo kuna kazi, anapita hapo mbele yake, ananunua biskuti, anacheka. Wewe unaona meno yake. Nyota anaona kile ambacho meno yanakificha. Mtoto mwenye damu ya kutoshtuka asingeweza kuona hivyo. Yeye ni kinyume chake. Kengele ya ndani inampigia kwa nguvu mno, mchana kutwa, kwa kila sura inayopita. Na watu wa namna hiyo si wote wanaolia au kukimbia. Wako wanaoganda. Nimewaona hapa zahanati, watoto waliotolewa Lubero baada ya mashambulizi, wamekaa kimya hivyohivyo, na mtu anasema tazama huyu alivyo jasiri.

Mshike mkono usikie kama ni wa baridi. Mwekee sikio kifuani.

Annette anapanda ndege kuja huko mwisho wa Aprili. Nimemwomba amlete Nyota kwangu. Nina kitanda, nina shule karibu, na barabara yangu haina daraja. Mpe mtoto, nakusihi.

Na nisomee namba iliyo kwenye kona ya juu ya karatasi yako. Nataka kuilinganisha na daftari la vipimo lililoko parokiani.

Kavugho


Kisangani, 28 Aprili 2000

Nesi Kavugho,

Nakuandikia kwa sababu sirudi Butembo moja kwa moja, nakwenda Isiro na vitambaa vyangu. Mtoto sinaye. Kaka yako amekataa. Alinikaribisha vizuri, alinilisha liboke, samaki aliyefungwa majanini, alinichekesha mpaka nikasahau hasira, ndipo akakataa. Kiti cha ndege nilichomlipia kimekwenda na magunia ya vitunguu.

Ulinituma nimshike mkono. Nimemshika. Ni wa baridi kama chupa iliyotoka mtoni, na jua la saa sita linawaka. Nilimkumbatia kama ninayemuaga, ndipo nikasikia moyo wake unakwenda mbio namna ambayo sijapata kuusikia kwa mtoto aliyekaa. Usoni hakuna kitu.

Nikuambie kitu kingine, niseme nisiseme? Nasema. Nilipokuwa natoka, watu wa barabara walikuwa wamesimama mbali, wanatutazama mimi na yeye. Walidhani namchukua. Hakuna aliyenisalimu.

Na kaka yako hamwachi mkono. Akizungumza anamshika, akiuza anauza kwa mkono mmoja. Nilidhani ni mapenzi tu. Sasa sijui.

Annette


Kisangani, Tshopo
14 Mei 2000

Kavugho,

Usinikasirikie. Tarehe tano wamepigana tena, unajua, na Nyota aliingia ndani tangu asubuhi, na barabara yetu nzima haikupoteza hata kuku. Mtaa wa pili wamezika sita. Sasa niambie, ningewaeleza nini Timothée na wenzake, kwamba mutoto ameenda Butembo kusoma? Wamenichagua mwenyekiti wa wafanyabiashara wa barabara hii. Mimi, niliyeacha shule mwaka wa pili wa sekondari! Walinipa kiti chenye mikono.

Habari ya moyo kwenda mbio, aliyoniambia Annette akiondoka, watoto wote mioyo yao inakimbia, bado wanakua. Habari ya baridi, anapenda kuchezea maji.

Namba siioni. Fremu imefunika kona.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi nimeamka nikakuta amechora macho mengine, si kule nyuma na yale ya askari, bali juu ya kitanda changu. Makubwa kuliko yote. Weupe mtupu, na nukta ndogo kama pilipili manga.

Nikasema, "Na hii ya nani tena?"

"Ni yako, papa."

Nilicheka mpaka wateja wakaja kuuliza kuna nini. "Yangu? Mimi? Mimi siogopake, weye mutoto! Hausome karatasi?"

Alikuja akaniwekea mkono gotini, taratibu, kama mtu anayetuliza mbuzi kabla ya kumfunga kamba.

Kuchora bado hajajua, lakini ana bidii. Nimeyafuta kwa kitambaa chenye maji. Hayakutoka yote.

Nitamtuma mwezi wa saba, shule zikifunga. Nimekuahidi.

Paluku


Butembo, 24 Mei 2000

Yaya Paluku,

Usingoje mwezi wa saba.

Nimekwenda parokiani nikaomba daftari la vipimo. Daktari Micheline alizaliwa hapa lakini amekulia Ubelgiji, na katika kila karatasi ya majibu aliandika jina moja na namba tu. Hakufikiri. Kwetu, nyumba hii mtoto wa kwanza wa kiume ni Paluku, nyumba ile ni Paluku, na siku ile walipimwa Paluku tisa. Kila mmoja alipewa kadi yenye namba yake. Yako imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: 31.

Katika hao tisa, mwenye vipande virefu viwili ni mmoja, namba 14. Ni Paluku fundi wa baiskeli, aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha magari. Nilikwenda kwa mjane wake. Ndiyo, mjane. Alisema mumewe hakupata karatasi yake, ilipotea. Mwezi wa pili mwaka huu alikutana na kizuizi barabarani. Askari mmoja, kijana mdogo, alimnyooshea bunduki akamwambia asimame. Wenzake wote walisimama. Yeye aliendelea kumsogelea akitabasamu, akitaka kumweleza jambo. Waliokuwapo wanasema mikono ya yule askari ilikuwa inatetemeka na macho yamemtoka, mtu yeyote angeona kwamba ameogopa kuliko wao. Fundi hakuona. Aliendelea kuja.

Hiyo ndiyo bahati iliyo kwenye fremu yako.

Namba 31 nimeisoma pia: mshtuko mkubwa mno, vipande vifupi viwili. Kwa hiyo, kipande ulichompa Nyota ni kifupi, chochote alichompa mama yake.

Sijui kama ulijua. Sikuulizi. Nakuomba kitu kimoja: mtoto akiingia ndani, ingia naye, na umwache huko. Annette atapita kwenu akitoka Isiro. Safari hii mpe.

Kavugho


Kisangani, Tshopo
2 Julai 2000

Kavugho,

Barua yako imenifikia juzi, imechanika katikati. Ulipokuwa unaiandika zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya bombu. Nimeisoma nimesimama, kile kiti chenye mikono kimeungua.

Nyota yuko hai. Atakuwa amesimama mbele yako unaposoma hapa, Annette anamleta. Hasemi. Tangu siku ya kwanza ya zile siku sita hajasema neno. Si kiziwi, nilidondosha kijiko akakitazama. Usimlazimishe. Anakula muhogo wa kuchemsha na karanga, na ukimpa mgongo wako aushike usiku anafumba macho yote mawili.

Sasa nitakwambia, na sitaweka mzaha. Kama utaona mzaha, ujue umeponyoka wenyewe.

Jumapili tarehe nne, baada ya misa, mtoto alichukua kigoda akaingia ndani. Haikuwa kama siku zote. Alivuta magunia akayapanga mbele yake, na yale anamzidi uzito, sijui alivutaje. Akakaa humo. Jumatatu asubuhi hakutoka. Wenzangu walikuwa barabarani, kila mtu na ufunguo wake, tangu Ijumaa wanafunga kila mtoto akiingia, wamechoka, wana njaa nyumbani. Timothée akapaza sauti.

"Mwenyekiti! Mutoto iko wapi?"

"Anakuja. Anavaa."

"Anavaa tangu saa moja? Iko anaenda kuolewa?"

Wakacheka. Mimi pia. Halafu cheko likaisha, na wote wakabaki wananitazama, watu kumi na watano, na barabara imenyamaza upande wa daraja, hakuna hata mbwa. Nikaingia ndani. Nilimkuta ameng'ata gunia. Kweli, Kavugho, ameliuma kwa meno, na macho yale ukutani yote nyuma yake. Nikamwambia, twende mama, kidogo tu. Nilimbeba. Alikuwa mgumu kama kiti. Nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye kigoda, nikakaa pembeni yake, nikamshika mkono, nikacheka kwa sauti.

Timothée akasema, "Haya, iko inje." Akafungua kibanda. Wengine saba wakafungua.

Ilianza kabla ya saa nne.

Zile siku sita siziandiki. Sisi tulikuwa nyuma ya magunia. Timothée hakufika nyumbani kwake, na nyumba yake unaiona ukisimama mlangoni pangu.

Utadhani nilimtoa kwa ajili ya biashara. Dukani kulikuwa na chumvi na viberiti tu. Nilimtoa kwa sababu walikuwa wananitazama, na mimi siwezi kusimama katika barabara ile peke yangu. Sijawahi kuweza. Annette alikuandikia kwamba simwachi mkono, ameniambia mwenyewe jana, akinitazama kama unavyotazama nyama iliyolala. Ni kweli. Nikiwa na mkono wake, magoti yangu yanatulia, na yasipotulia watu wanadhani ni mtoto anacheza.

Matanga ya Timothée yamefanyika baada ya wiki mbili, wakati tulipoanza kupata watu wa kuchimba. Ndipo maneno yalipoanza. Kwanza wanawake, kisha wanaume. Mtoto alikuwa nje, wakasema. Yeye anajua siku zote, na siku ile alikaa nje ili watu wafungue. Mmoja akasema neno lile, ndoki, mchawi. Alisema taratibu kama anauliza. Akajibiwa na wanne. Nyota alikuwa amekaa mkekani katikati yao, macho wazi, hatikisiki, na jinsi alivyokaa ndivyo walivyozidi kuamini. Mtu mmoja akasema aitwe mchungaji fulani wa ng'ambo ya mto, anayewafunga watoto siku tatu bila maji mpaka kitu kitoke. Franck wa toleka, mtu mwema, alisimama kwenda kumleta. Baiskeli alikuwa ameishaishika.

Rosine alinigeukia.

"Papa Paluku. Ule asubuhi, mutoto alitoka yeye mwenyewe?"

Mimi nina cheko la kila mahali, Kavugho. La harusi, la kituo cha polisi, la forodha. La pale nililitafuta. Lilikuwepo. Ningeweza kusema ndiyo, alitoka, nani anajua mambo ya watoto. Mtoto alikuwa ananitazama, na nilijua anaona nini.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa amejificha. Nilimutoa mimi kwa mikono."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa."

Mzee mmoja akacheka. "Weye? Weye hauogopake! Karatasi iko mu fremu."

Ndipo nikawaambia. Yote, kama ninavyokuandikia. Franck akaiegemeza baiskeli ukutani. Hakuna aliyenipiga, ningependa wangenipiga. Rosine aliinuka, akampa Nyota maji, akamfuta uso kwa khanga yake ya matanga, kisha akaniambia nisikanyage tena kwake mpaka afe. Sikanyagi. Barabara nzima hainisalimu. Lakini lile neno halijasemwa tena juu ya mtoto.

Usimwambie kwamba ni jasiri. Mwambie kwamba asubuhi ile aliona sawasawa, na kosa lilikuwa la papa. Mwambie mara nyingi. Mimi nimemwambia, lakini nimeshamwambia mambo mengi ya uongo, hawezi kujua lipi ni lipi, ingawa nadhani yeye anajua.

Umeandika huniulizi kama nilijua. Nilijua. Nilipofika parokiani karani alikuwa ametandaza karatasi zote mezani akaenda kunywa chai. Kadi yangu ilikuwa 31. Niliisoma ya 31, nikasoma ya 14, nikachukua zote mbili. Yangu niliimeza ndegeni.

Na mwaka jana, zile siku nne, sikusimama mlangoni nachokoa meno. Nilikuwa chini ya kaunta na suruali imelowa. Mtoto alikuwa juu ya gunia la chumvi, amenishika kichwa. Bahati niliyokuandikia sina na sijawahi kuwa nayo. Nilikudanganya.

Paluku